Sarafu ya kale usiisugue

Mnaokusanya sarafu za shaba za Kirumi hapa Moshi, acheni kusugua. Juzi kijana kaniletea yake kaisugua kwa dawa ya meno, inang'aa kama kitasa kipya. Roho iliniuma. Ile kijani iliyokolea, ngumu, inayoteleza kidoleni, ndiyo ngozi yake. Ikitoka hairudi, na bei inaondoka nayo. Udongo unaulowekea maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari yanayouzwa sheli (soma chupa, isiwe asidi!), unayabadilisha kila baada ya siku chache, kisha mswaki laini.

Ila ukiona vidoadoa vya unga wa kijani mpauko, huo ni ugonjwa: kloraidi (aina ya chumvi) na unyevu vinaila shaba, na masika ya huku ndiyo karamu yake. Itenge na zingine, ikaushe, ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Shoka la mawe uliloliokota shambani ni habari nyingine. Hilo katoe taarifa, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.