Kufufua spika za Advent za zamani kwa ajili ya muziki wa klasiki kwenye chumba kidogo

Jirani yetu hapa Dar, mwalimu wa kwaya mstaafu, ana jozi ya spika kubwa za Advent alizorudi nazo toka Marekani alikosoma miaka ya 70. Zimekaa stoo muda mrefu, juzi kazichomeka akaniita, "mwanangu njoo umsikie Bach anavyokoroma." Nikabonyeza karatasi ya wufa (spika kubwa ya besi) taratibu, sponji la pembeni likabaki kidoleni kama keki ya jana. Kwa joto na unyevu wa Dar hilo ndo la kwanza kufa. Tulivyofanya ni hivi.

1. Toa wufa. Skrubu tu, weka alama waya wa plus kabla hujaukata. Ile pamba ya kioo ya ndani vaa glovu na barakoa, na irudishe yote, boksi limefungwa kabisa halina tundu, ukipunguza pamba besi inabadilika.

2. Nunua sponji la saizi yake. Usiagize "inchi 10" kwa jina, pima kipenyo cha karatasi na cha fremu kwa rula, maana inchi 10 ya huyu si ya yule. Na kama spika zako pembeni zina kitambaa badala ya sponji, usikiguse jamani, kitambaa hakiozi hivyo.

3. Kubandika na kuweka koili katikati. Hapa ndo niliwahi kupoteza Jumamosi nzima na spika zangu mwenyewe. Nilitumia super glue, ikashika ndani ya sekunde, koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) ikawa imelala upande milimita sijui ngapi, kidogo tu, na kwenye bongofleva husikii kitu, ila weka piano peke yake, polepole, unasikia krrr, krrr kila noti ya chini, ni koili inasugua sumaku. Nikabandua yote nikaanza upya. Kwa hiyo gundi nyeupe ya spika, inayochelewa kukauka na ikikauka inabaki nyororo, sitaki kusikia nyingine. Kwanza kwangua mabaki ya zamani yote kwa spiriti na wembe butu, YOTE, yakibaki sponji jipya linakaa mshazari. Bandika upande wa karatasi kwanza, acha ilale usiku. Kesho yake kata kile kikofia cha katikati kwa wembe mkali, ukiacha kipande kidogo kama bawaba, halafu chomeka vipande vyembamba vinne vya filamu ya eksirei ya zamani kati ya koili na chuma cha katikati, pande nne, vikaze kidogo bila kulazimisha. Sasa ndo unabandika upande wa fremu, unazungushia vibanio vya nguo. Wapo wanaoacha kikofia wakapigisha mlio mzito wa Hz 30 (mitetemo 30 kwa sekunde) kwa sauti ndogo wakati gundi inashika, inafanya kazi, ila mi na umeme wetu huu siwezi kutegemea. Angalizo: kikofia kikiwa wazi fundi mwenzako asikate waya wala asipige tupa karibu, sumaku inavuta unga wa chuma na kuutoa ni mateso. Gundi ikikauka toa filamu, sukuma karatasi kwa vidole viwili, kimya? Rudisha kikofia.

4. Kapasita za krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba). Zile za zamani zimechoka. Weka kapasita za aina ya filamu zenye uF (mikrofaradi, kipimo chake) ile ile, na ukikosa filamu nunua bipola, usije ukaweka zile zenye mstari wa minus. Filamu zikifanya vayolini iwe kali, weka resista ya nusu omu mfululizo na kapasita. Twita usibadilishe.

5. Mahali pa kuziweka. Hapa ndo klasiki inapona au inakufa. Chumba cha mzee ni mita 3 kwa 3.5. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, igawe kwa urefu wa kila upande mara mbili, unapata Hz 57 na 49, ndo sauti ambazo chumba chenyewe kinavuma nazo. Sasa G ya chini ya dabo besi ni 49, na 57 iko kati ya A (55) na B bapa (58), ndo maana noti za hapo zilikuwa zinavuma kama lori na nyingine zipo kawaida. Spika tulizitoa kwenye kona, tukaziacha sentimita 30 hivi toka ukutani, twita usawa wa masikio. Kiti kisigusane na ukuta wa nyuma, hapo uvumi ndo mkubwa, wala kisiwe katikati kabisa ya chumba, hapo noti hizo hizo zinapotea. Kisogeze sentimita kumi kumi huku kipande kimoja cha chelo kinapiga. Pesa ya waya za bei mbaya nunua kapeti.

Swichi ya twita, ile ya nyuma ya boksi, ina nafasi tatu, ilikuwa imeshika kutu, spreyi ya kusafishia na kuichezesha mara ishirini ikapona. Tuliiacha katikati. Mzee kaipandisha juu, kasikiliza dakika mbili, kairudisha mwenyewe.