Namna ya Kuisoma Sheria ya Mtandao kwa Kuanzia na Ujumbe Mmoja wa Simu

Anayetaka kuielewa sheria ya mtandao asianze na tafsiri za maneno, aanze na kisa. Tuchukulie mchuuzi wa samaki wa soko la Deep Sea, Tanga, nchini Tanzania, aliyechukua mzigo mnadani kwa mali kauli, yaani alipe akishauza. Kabla hajamlipa mwenye chombo, unaingia ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kwa kuwa kweli anadaiwa, anatuma laki mbili, kumbe namba ni ya tapeli.

Jiulize kwanza kosa ni lipi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu kulikuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu tangu zamani za barua. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mosi mwaka huo, iliongeza makosa yanayotendwa kwa kompyuta, kama vile kuingilia mfumo bila idhini, kughushi na kujifanya mtu mwingine. Zisome mbili hizo pamoja, kwani tendo moja laweza kuangukia kote.

Swali la pili ni la ushahidi, nalo ndilo ningependa mwanafunzi akae nalo muda mrefu zaidi. Mwaka 2000 Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, ilikubali kumbukumbu za benki zilizotunzwa kwenye kompyuta wakati sheria yenyewe ilikuwa bado inazungumzia vitabu vya benki vya karatasi. Bunge lilirekebisha Sheria ya Ushahidi mwaka 2007 ili itambue ushahidi wa kielektroniki. Leo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya mwaka 2015, inazuia ujumbe kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila uzito wake hupimwa kwa kuangalia ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Kwa hiyo mchuuzi asiufute ujumbe ule kwa hasira, wala asitegemee picha ya skrini peke yake. Aitunze simu yenyewe, pamoja na namba ya muamala, saa, na jina lililotokea alipotuma.

Wengi huuliza tapeli alijuaje deni lile. Mara nyingi hakujua lolote: hutupa ndoano kwa watu wengi, akiamini hatakosa anayedaiwa. Ikiwa kweli taarifa za mchuuzi zilivuja, hapo ndipo inapoingia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022.

Mwisho, tazama nani ana mamlaka gani. Wakala wa fedha za simu wa pale Ngamiani, Tanga, hawezi kumtajia mchuuzi mwenye laini ile, hata akigombezwa, bali polisi wanaopeleleza ndio waliopewa na sheria uwezo wa kuagiza taarifa hizo zitolewe. Basi mchuuzi aanze kwa kuipigia kampuni yake ya simu ili muamala uzuiwe, ujumbe wa tapeli auelekeze namba 15040 ya kuripoti utapeli wa simu, kisha aende kituoni na simu yake mkononi, siku hiyohiyo, kabla fedha haijatolewa.