Kujenga kwa paneli za zege: kumwaga, kunyanyua na kufunga viungo

Tuchukue jengo la mfano: ghala au darasa lisilo na ghorofa, mita 12 kwa 6, kuta zake ni paneli 12 zinazomwagwa palepale kwenye kiwanja na kusimamishwa kwa kreni. Kila upande mrefu una paneli 4, kila upande mfupi 2. Kutoka katikati ya kiungo hadi katikati ya kiungo ni mita 3. Paneli yenyewe ina upana wa m 2.85, kimo cha m 3.5 na unene wa sm 15, na kati ya paneli mbili inabaki nafasi ya sm 15 ya zege la kiungo. Paneli isiyo na dirisha ina ujazo wa karibu mita za ujazo 1.5 na uzito wa karibu tani 3.7. Uzito huo uwe kichwani muda wote, maana ndio unaoamua kreni, minyororo na nanga za kunyanyulia (vishikio vya chuma vinavyozikwa ndani ya zege).

Njia hii inalipa pale paneli zinapokuwa nyingi na za kipimo kimoja. Kwa chumba kimoja chenye kona nyingi, tofali bado ni nafuu, kwa sababu kreni hulipwa siku nzima hata ikinyanyua paneli mbili. Msingi na nondo zipigiwe hesabu na mhandisi aliyesajiliwa, kwa kuwa udongo na upepo hutofautiana mahali na mahali. Vipimo vilivyomo humu vitamsaidia fundi kuielewa michoro ya mhandisi, lakini haviwezi kuchukua nafasi yake.

Jamvi ndilo kitanda cha kumwagia

Jamvi, yaani sakafu ya zege ya jengo, la unene wa sm 15, linamwagwa kwanza na kulainishwa kwa mwiko wa chuma hadi ling'ae. Kila kovu la jamvi, kila mstari wa kiungo chake, utajichora kwenye uso wa chini wa paneli, na uso huo ndio utakaotazama nje. Pale penye ufa au shimo, ziba na piga msasa kabla ya kuanza.

Jamvi lote ni mita za mraba 72, na paneli 12 zinataka karibu 120. Kwa hiyo zimwagwe kwa marundo: marundo 3, kila moja paneli 4, moja juu ya nyingine. Panga mapema kwenye karatasi: ya juu kabisa ndiyo itakayonyanyuliwa kwanza. Andika namba na tarehe kwa rangi ubavuni mwa kila paneli. Rundo likipangwa kinyume, utajikuta unalipia kreni kuhamisha paneli tatu ili uifikie ya nne.

Kati ya jamvi na paneli, na kati ya paneli na paneli, paka dawa ya kuzuia zege kushikana, mara mbili. Paka kabla ya kuweka nondo, kwa sababu dawa ikigusa nondo, zege halitaishika. Nyunyizia maji kidogo: yakikaa matone matone, dawa imeenea; yakinywewa na zege, rudia. Oili chafu ya gari isitumike. Inaacha madoa, na baadaye rangi wala plasta havikai juu yake.

Fomu, nondo na vitu vya kuzikwa ndani

Mbao za pembeni, ambazo ndizo fomu ya kumwagia paneli, ziwe zilizorandwa, kimo sm 15 kamili. Pima mshazari: kwa paneli hii pande zote mbili zitoe m 4.51, na tofauti kati ya mshazari mmoja na mwingine isizidi mm 5. Pigilia vipande vya mbao vya pembetatu vya mm 20 kwenye kona za ndani ili kingo za paneli zitoke zimekatwa mshazari. Kingo kali hupasuka mnyororo ukizigusa tu.

Tandiko mbili za BRC A142 (wavu wa chuma wenye waya wa mm 6 kila sm 20) ni kawaida kwa paneli ya aina hii, moja juu na moja chini, zikitenganishwa na kuinuliwa kwa biskuti za zege. Zege la kufunika nondo liwe mm 30 bara, na mm 40 hadi 50 karibu na bahari, kwa kuwa chumvi ya hewani hupenya hadi kwenye chuma. Kuzunguka dirisha au mlango weka nondo mbili za mm 12 kila upande, na nondo ya mshazari ya urefu wa mita moja kwenye kila kona. Nyufa za paneli huanzia karibu kila mara kwenye kona ya dirisha.

Ubavuni mwa paneli vinatokeza vitanzi vya nondo ya mm 8, sm 12 nje, kila sm 30 kwenda juu. Wengi hukosea hapa. Vitanzi vya paneli mbili jirani visiwe kimo kimoja: vya upande mmoja vianze sm 15 kutoka chini, vya upande wa pili sm 20. Vikilingana vitagongana, na fundi aliye juu ya ngazi atachukua tindo au kuvikata kwa msumeno. Kitanzi kilichokatwa hakina kazi tena.

Mabomba ya umeme ya mm 20 na maboksi ya swichi yaingie sasa hivi. Kupasua ukuta wa zege baadaye ni kukata BRC.

Nanga za kunyanyulia, na kwa nini mahali pake si pa kukisia

Paneli inapoinuliwa kutoka kulala hadi kusimama, inajipinda kwa uzito wake. Ukiishika kwenye ukingo wa juu tu, mkunjo katikati yake ni karibu mara 3 ya ule unaopatikana nanga zikiwa usoni mahali sahihi. Mahali hapo ni asilimia 29 ya kimo ukihesabu kutoka juu, yaani m 1.03 kwa paneli yetu, na asilimia 21 ya upana kutoka kila ubavu, yaani sm 59. Mkunjo wa juu ya nanga na wa chini yake unalingana, na zege changa halipasuki.

Paneli yenye dirisha au mlango uzito wake haujakaa sawa, hivyo mahali pa nanga pahesabiwe upya. Yenye mlango hubaki na miguu miwili myembamba. Funga chuma cha kukatiza mlango upande wa chini kabla ya kunyanyua, kisitolewe mpaka paneli iwe imesimama na kufungwa.

Nunua nanga zilizotengenezwa kwa kazi hii, za tani 4 kila moja, na ufuate jedwali la mtengenezaji kuhusu kina na nguvu ya zege. Uzito wa paneli ni tani 3.7, lakini wakati wa kuibandua inashikwa pia na iliyo chini yake, na kreni ikitikisika mzigo unaongezeka. Nondo ya mistari iliyokunjwa kuwa ndoano isitumike kamwe. Chuma hicho kigumu hupoteza unyumbufu kwenye mkunjo na kinaweza kukatika ghafla bila kuonya. Matundu ya nanga na ya boliti za propu (nguzo za kuegemeza paneli ikisimama) yazibwe kwa vizibo vya plastiki, la sivyo zege la paneli ya juu litaingia humo na kuzifunga paneli mbili pamoja.

Zege

Kwa uwiano wa 1:1.5:3, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unakwenda na ndoo 2.5 za mchanga na ndoo 5 za kokoto, ndoo za lita 20 zilizojazwa hadi ukingoni. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Paneli moja inakula mifuko 12 hivi. Kokoto zisizidi mm 20. Mchanga wa baharini usiguswe.

Soma mfuko: saruji ya daraja la nguvu la 42.5 inapata nguvu mapema kuliko ya 32.5. Zote mbili hujenga nyumba imara, ila kwa 32.5 utasubiri zaidi kabla ya kunyanyua, na kusubiri huko kuingie kwenye ratiba ya kreni.

Mwaga paneli nzima kwa mara moja. Vaibreta (mashine ya kutikisa na kushindilia zege) iingie wima na kutoka polepole, bila kugusa nanga wala kukwangua dawa iliyo chini. Baada ya kulainisha, funika kwa gunia mbichi na nailoni kwa siku 7. Saa za kwanza ndizo hatari zaidi, hasa penye jua na upepo, maana uso ukikauka kabla ya ndani unapasuka siku hiyohiyo.

Kutoka kila zege la paneli chukua sampuli za michemraba ya sm 15. Paneli isinyanyuliwe kabla mchemraba haujafikisha nguvu ya N/mm² 20 (nyutoni 20 kwa kila milimita ya mraba) maabara. Usihesabu siku kwenye kalenda. Wiki ya mvua na baridi kule Mbeya au Limuru haitoi zege sawa na wiki ya jua ya Dodoma.

Siku ya kreni

Kreni iwe na uwezo wa mara 2 hadi 3 ya paneli nzito kuliko zote, na uwezo huo usomwe kwenye jedwali lake kwa umbali halisi wa mkono. Kreni inayoitwa ya tani 25 inabeba tani 25 mkono ukiwa umesimama karibu. Ukinyooshwa mbali, inabaki na tani chache. Miguu yake ikae nje ya jamvi, juu ya magogo mapana, na isiwe juu ya mtaro uliofukiwa juzi.

Minyororo miwili ya mita 3 inatosha. Kadiri inavyolala ndivyo inavyobeba zaidi: kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi kila mnyororo unavuta tani 2.1, kwa nyuzi 30 kila mmoja unavuta tani zote 3.7. Minyororo mifupi imevunja nanga nyingi zilizokuwa nzima.

Propu mbili zifungwe kwenye paneli ikiwa bado imelala. Ikibanduliwa kwa shida, usiongeze nguvu ya kreni. Pigilia kabari za mbao ukingoni hewa iingie. Ikishaning'inia haitakuwa wima kabisa, itainama nyuzi kama 6, kwa sababu nanga ziko upande mmoja wa unene. Iongozwe kwa kamba, na mtu asisimame chini yake wala kati yake na rundo.

Juu ya msingi weka vibao vigumu vya plastiki au chuma, viwili kwa kila paneli, robo ya upana kutoka kila ubavu, vikiwa vimepimwa kwa pimamaji hadi kimo kimoja na kuacha nafasi ya mm 20 hadi 30. Anzia kwenye pembe ya jengo. Kwa kuwa vitanzi vya jirani vinapishana, paneli isishushwe kutoka juu. Iletwe ikiwa sm 2 tu juu ya mahali pake, iingizwe kwa kutokea nje kwenda ndani, kisha ilazwe kwenye vibao.

Propu zifungwe kwa boliti kwenye jamvi, kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60, zikishika paneli kwenye theluthi mbili ya kimo chake. Vigingi vya ardhini havifai. Upepo wa km 100 kwa saa unaisukuma paneli hii kwa nguvu ya takriban nusu tani, na udongo ukilowa kigingi kinang'oka. Timazi ikisoma wima na boliti zikiwa zimekazwa, ndipo ndoano ya kreni ilegezwe.

Kiungo ndicho jengo

Tarehe 16 Mei 1968, mlipuko wa gesi kwenye ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, London, ulisukuma nje paneli za kona. Zilizokuwa juu yake zikaanguka na kubomoa kona nzima hadi chini. Watu 4 walikufa. Kasoro ilikuwa jinsi paneli zilivyounganishwa, na jengo lilipofumuliwa mwaka 1986 baadhi ya viungo vilikutwa vimejazwa magazeti badala ya saruji. Kiungo kikishafunikwa hakuna anayekiona, kwa hiyo kikaguliwe kikiwa wazi.

Kwenye msingi, chini ya kila kiungo, lilizikwa bomba la mm 50 lenye kina cha sm 50. Sasa nondo mbili za mm 12 zinashushwa kutoka juu, zinapita ndani ya vitanzi vya pande zote mbili na kuingia kwenye tundu hilo, ambalo linajazwa grauti isiyonywea (uji wa saruji usiosinyaa ukikauka). Hii ndiyo sababu nondo hazikuachwa zimesimama tangu msingi: paneli zisingeweza kuingia.

Sugua mbavu za paneli kwa brashi ya waya mpaka kokoto zionekane, ziloweshe, kisha funga mbao pande zote mbili na ukanda wa sponji ili uji wa saruji usivuje. Zege la kiungo litumie kokoto za mm 10. Acha dirisha kwenye ubao katikati ya kimo, umwage nusu ya chini kupitia hapo na kusindilia kwa vaibreta nyembamba, uzibe, kisha umwage iliyobaki. Likimwagwa lote kutoka juu, kokoto hukwama kwenye vitanzi na chini hubaki mapango.

Grauti ya chini ya paneli isukumwe kutoka upande mmoja tu mpaka itokeze upande wa pili. Ukisukuma kutoka pande zote mbili unafungia hewa katikati, na paneli inabaki imekalia vibao viwili.

Juu ya paneli unakaa mkanda wa zege wa sm 15 kwa 20, nondo 4 za mm 12 na ringi za mm 8 kila sm 20, ukishikana na ncha za nondo zilizoachwa kwenye paneli na zile za viungo. Boliti za paa zizikwe humo kabla zege halijashika. Propu zibaki mahali pake mpaka zege la viungo na la mkanda lifikie nguvu iliyoandikwa na mhandisi na paa liwe limefungwa. Zitolewe moja moja, na kila paneli ipimwe tena kwa timazi kabla ya kugusa propu inayofuata.