Gotland nje ya ukuta: namna ya kuitembelea historia ambayo wageni wengi huipita

Wageni wengi wakifika Gotland, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Uswidi, hushuka kwenye feri bandarini Visby, huzunguka ukuta wa mji, hupiga picha za mawaridi vichochoroni, hula aiskrimu, basi, safari imekwisha. Visby inastahili sifa zake, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995. Ila mji ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko mashambani, kwa wakulima waliopata mali kiasi cha kujenga makanisa ya mawe zaidi ya 90 katika kisiwa kimoja. Kwa muda mrefu mji wenyewe uliwaogopa wakulima hao. Nitakuonyesha namna ya kuifikia nusu hiyo peke yako, bila kulipia ziara ya kundi.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kabla ya kuchagua kitanda

Wiki mbili zitakupasua mfuko. Ya kwanza ni ya mikutano ya wanasiasa pale Almedalen, bustani ya mjini Visby, karibu na mwisho wa Juni. Ya pili ni Wiki ya Zama za Kati, mwanzoni mwa Agosti, ambapo nusu ya mji huvaa kanzu za sufu na panga za kuchezea. Nenda mwishoni mwa Mei, katikati ya Juni au mwisho wa Agosti. Makanisa ya vijijini huwa wazi mchana kiangazi, lakini majira ya baridi mengi hufungwa na utaishia kuzunguka nje tu. Juni nayo ina faida nyingine: mwanga haukuishii mpaka usiku, na utaona baadaye kwa nini hilo ni muhimu.

Hatua ya 2: Fika kisiwani

Kutoka Stockholm panda treni ya abiria hadi Nynäshamn, kama saa moja hivi, kisha feri ya zaidi kidogo ya saa tatu. Feri nyingine hutoka Oskarshamn, inayowafaa wanaotokea kusini. Kata tiketi mapema ukiwa na gari. Mwenye viza ya Schengen haongezi karatasi yoyote. Beba kadi ya benki, maana Uswidi noti za karatasi hukataliwa hata dukani, na Swish, mfumo wao wa kulipa kwa simu, unahitaji akaunti ya benki ya huko.

Hatua ya 3: Anzia makumbusho, usimalizie huko

Wengi huiacha Gotlands Museum kwa siku ya mvua. Mimi nasema iwe asubuhi ya kwanza, kwa sababu inakupa macho ya kutazamia vitu vingine vyote.

Tafuta fedha ya Spillings. Mwaka 1999, katika shamba moja karibu na Slite, kulifukuliwa hazina ya Waviking yenye uzito wa takribani kilo 67 za fedha, ndani yake sarafu zaidi ya 14,000. Nyingi mno ni dirhamu, zenye maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kikufi. Aliyekaa chuo cha Kurani utotoni ataanza kuokota herufi mwenyewe, alifu hapa, lamu pale, bila kusubiri maelezo ya Kiswidi. Zilipanda kaskazini kwa mito ya Urusi ya leo, mkono kwa mkono, kwa biashara ya manyoya na ya watumwa. Kati yake kuna moja iliyopigwa karne ya 9 kwa Wakhazari, watu wa nyika za kusini mwa Urusi ya leo, ambao watawala wao walishika dini ya Kiyahudi. Mahali ambapo ungetegemea kusoma shahada ya kawaida, pameandikwa kwamba Musa ni mtume wa Mwenyezi Mungu. Simama hapo kidogo. Shambani Spillings kwenyewe hakuna cha maana cha kuona, usijichoshe.

Hatua ya 4: Toka mlango wa mashariki

Ukuta wa Visby una urefu wa karibu kilomita 3.5. Mgeni hudhani ulijengwa kwa ajili ya maharamia. Lakini angalia upande wake mrefu na mzito unatazama wapi: nchi kavu. Wafanyabiashara wa mjini na wakulima walikuwa washindani, na mwaka 1288 walipigana vita kabisa.

Tembea kwa miguu hadi Korsbetningen, nje kidogo ya ukuta. Mwezi Julai 1361 mfalme wa Denmark, Valdemar Atterdag, alifika na jeshi la kulipwa. Wakulima walijipanga mbele ya mji wakauawa, yakadiriwa watu 1,800, huku milango ikiwa imefungwa nyuma yao. Baadaye mji ukasalimu amri. Kwenye uwanja huo umesimama msalaba wa jiwe wenye maandishi ya Kilatini, na walioanguka walizikwa humo humo kwa halaiki. Kule makumbusho utakuwa umeshaona mafuvu yao, mengine bado ndani ya kofia za pete za chuma zilizosukwa. Ndiyo maana nilikutanguliza huko.

Hatua ya 5: Chora njia ya siku moja, fupi

Chukua barabara moja tu kwa siku. Ya kuanzia ni namba 148, kutoka Visby kwenda kaskazini-mashariki hadi kijiji kiitwacho Bunge, na Fårösund. Basi la Fårösund hupita huko, ila ratiba yake ni chache, kwa hiyo andika saa ya basi la kurudi kabla hujashuka. Kwa baiskeli, kisiwa ni tambarare, upepo ndio utakaokusumbua.

Barabarani fuata kibao chenye mraba ulio na vitanzi vinne kwenye pembe. Ni alama ya mahali pa kihistoria, na ndiyo ile ile iliyoko kwenye kibodi za kompyuta za Apple. Mchoro huo unaonekana kwenye jiwe la kale lililopatikana Havor, kusini mwa kisiwa hiki hiki. Kwa maeneo yasiyo na kibao, fungua Fornsök, ramani ya bure ya idara ya mambo ya kale ya Uswidi, uandike *bildsten* kwa mawe ya picha, *skeppssättning* kwa makaburi ya umbo la merikebu, *fornborg* kwa ngome.

Simama kwanza Bro. Kando ya barabara kuna mawe mawili yaliyosimama. Hadithi ya wenyeji ni kwamba walikuwa wanawake wawili waliogombana njiani wakienda ibada ya Krismasi, wakageuka mawe. Kisha Lärbro, kanisa lenye mnara wa pembe nane, na kando yake mnara mwingine wa ulinzi wa zamani zaidi. Usiondoke bila kuingia makaburini. Mwaka 1945 hapa palikuwa na hospitali iliyopokea watu waliotolewa kwenye kambi za mateso za Ujerumani, na waliofia hapo wamelazwa humo. Malizia Bunge, kwenye makumbusho ya wazi.

Hatua ya 6: Lisome kanisa kwa nje kwanza

Zunguka jengo kabla ya kuingia. Tafuta pale paa linapovunjika urefu, maana hapo ndipo fedha ilipoishia. Mfano bora ni Källunge, kilomita kama 20 kutoka Visby. Sehemu ya madhabahu ni ndefu na ya fahari, lakini ukumbi wa waumini unaofuata ni mdogo, wa karne ya 12, umebaki kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima. Walianza kujenga upya kwa ukubwa kuanzia madhabahu, na katikati ya karne ya 14 kazi ikasimama. Tauni ilipita miaka hiyo, kisha akaja Valdemar. Ukishaiona Källunge utaanza kuziona dalili hizo kila kijiji. Kule Stånga, sanamu kubwa za mawe zimepachikwa ukuta wa kusini bila mpangilio, na inadhaniwa zilichongwa kwa jengo lingine ambalo halikukamilika.

Ukiwa na nafasi ya kanisa moja tu kusini, liwe Öja, kwa ajili ya msalaba wake wa mti wa karne ya 13, uliozungushiwa duara lenye sanamu ndogo. Kwangu mimi hakuna kitu kinachoupita kisiwani.

Haya ni makanisa ya Kilutheri yanayotumika mpaka leo. Ukikuta mazishi au ubatizo, subiri nje. Ukikuta mlango umefungwa, ofisi ya parokia ndiyo yenye ufunguo, na namba yake mara nyingi imebandikwa mlangoni.

Hatua ya 7: Mawe ya picha, nenda jioni

Mawe haya ya chokaa yalichongwa kati ya karne ya 5 na ya 12: merikebu zenye tanga, wapanda farasi, wanawake wakipokea wageni kwa pembe ya kinywaji. Michoro ni ya kina kidogo sana, na jua la saa sita huifuta yote. Njoo jua likiwa chini, au washa tochi ya simu ukiishika ubavuni mwa jiwe, karibu na uso wake, usimulike kwa mbele. Rangi nyekundu unayoiona kwenye baadhi ya mawe ilitiwa na watafiti wa nyakati zetu ili mistari ionekane. Kwa hiyo ukiambiwa "huyu ni mungu Odin", kumbuka mwenye brashi naye alikuwa na maoni yake.

Yaliyo mengi yamehamishiwa Visby na Bunge. Nenda Änge, parokia ya Buttle, ukaone jiwe la karibu mita nne likiwa bado limesimama lilipowekwa.

Hatua ya 8: Kwenye maeneo ya wazi

Merikebu za mawe ni makaburi ya Enzi ya Shaba. Ya Gnisvärd, kusini mwa Visby, ina urefu wa mita 45 hivi, katikati ya misonobari, na hakuna kiingilio. Sheria ya Uswidi inakuruhusu kupita kwenye ardhi ya mtu, mradi usiingie uani kwake wala kukanyaga mazao. Haikuruhusu kusogeza jiwe hata moja. Kifaa cha kutafutia madini ukiache nyumbani: bila kibali ni kosa, na wezi wa fedha za Waviking wamekisumbua kisiwa hiki kiasi kwamba wenyeji hawacheki nalo.

Vaa suruali ndefu, uichomeke kwenye soksi. Kupe ni wengi na wanaleta magonjwa, jikague kila jioni. Na ukirudi Visby na njaa, agiza *saffranspannkaka*: ni wali wa maziwa uliookwa na zafarani na lozi, ukiliwa na jamu ya matunda ya porini na krimu. Wapwani wataudai kuwa wao, ila wataomba iliki.