Jinsi ya Kuomba Leseni ya Kufuga Mondo Uingereza

Ukiishi England, Wales au Scotland na unataka kufuga mondo (paka mwitu wa Afrika, kwa Kiingereza serval), simbamangu au duma, lazima upate leseni ya halmashauri ya eneo lako kabla mnyama hajafika kwako. Hivyo ndivyo inavyotaka Sheria ya Wanyama Hatari wa Porini ya mwaka 1976. Kabla yake mambo yalikuwa holela: mwaka 1969 vijana wawili wa Kiaustralia walinunua mtoto wa simba, Christian, katika duka la Harrods, London. Alipokua hawakuwa na pa kumweka, na mwisho alipelekwa Kora, Kenya, kwa George Adamson, aliyekuwa akiwazoesha simba kuishi porini.

Paka chotara aitwaye Savannah, aliyezaliwa na mondo na paka wa nyumbani, naye anahitaji leseni. Kuanzia kizazi cha pili haihitajiki, kwa hiyo mdai muuzaji karatasi za ukoo.

Kwanza, jenga banda. Wengi huanza na kumtafuta mnyama, na hapo ndipo mateso yake yanapoanzia. Mondo huruka zaidi ya mita 2 kwenda juu, hivyo uzio usio na paa haumzuii. Weka milango miwili inayofuatana, ili mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Anahitaji chumba chenye joto wakati wa baridi, mahali pa kujificha watu wasimwone, na nafasi ya kukimbia. Usitegemee kumlaza sebuleni: hutia alama eneo lake kwa mkojo, na harufu hiyo haitoki kwenye zulia. Kumng'oa kucha ili asikwaruze ni kosa la jinai Uingereza, na ni ukatili. Kama umepanga nyumba, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Panga chakula na daktari. Nyama tupu isiyo na mfupa humkosesha madini ya chokaa. Mifupa ya mtoto wa mondo hulegea na kuvunjika. Mpe windo zima: vifaranga, panya, sungura. Tafuta mapema daktari wa mifugo aliye tayari kumtibu, kwa sababu si kila kliniki humpokea.

Tafuta bima ya kulipia madhara ambayo mnyama anaweza kuwasababishia watu wengine. Ni sharti la leseni.

Jaza fomu ya halmashauri. Taja aina ya mnyama, idadi na anwani atakapokaa. Uwe umetimiza miaka 18 na usiwe umezuiwa kisheria kufuga wanyama. Ada hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri, na gharama ya daktari wa ukaguzi huwa juu yako. Ulizia jumla yote kabla ya kulipa.

Subiri ukaguzi. Daktari aliyeteuliwa na halmashauri atakuja kuangalia uimara wa banda, ukubwa, joto, mwanga, hewa, mifereji na usafi. Ataangalia pia utafanya nini moto ukizuka, na utazuiaje magonjwa. Mwonyeshe mipango hiyo ikiwa imeandikwa. Usiposema kweli hapa, atakayeumia ni mnyama au mtoto wa jirani.

Ukinyimwa, au ukiona masharti yamezidi, unaweza kukata rufaa mahakama ya mahakimu (Scotland, mahakama ya sherifu). Ukimfuga bila leseni, halmashauri inaweza kumchukua mnyama, hata kumuua, na hulipwi fidia.

Leseni ya England na Wales hudumu miaka 2. Omba upya kabla haijaisha. Usimhamishe mnyama bila kuitaarifu halmashauri, na kila anayekusaidia kumtunza aweze kuona nakala ya leseni na ya bima.

Mondo anayefugwa anaweza kufikisha miaka 20. Mwenye leseni akifariki, leseni huendelea siku 28 tu kwa wasimamizi wa mirathi, isipokuwa nao waombe yao ndani ya muda huo. Kubaliana sasa na mtu atakayempokea, na uandike jina lake.