Rupia ya babu kwenda mnadani: kwanza usiisugue

Huku kwetu kuanzia Tukuyu mpaka Iringa kila ukoo una mtu mwenye rupia ya Mjerumani, ile sarafu ya enzi za ukoloni wao, sandukuni, na kila mwenye rupia ameshaambiwa kwamba ikivuta punje za mchele kama sumaku basi kuna tajiri Dar anatoa mabilioni. Huyo tapeli bana, akianza tu kuomba hela ya dawa au ya kupima, kimbia. Rupia ya kweli wananunua wakusanyaji wa sarafu, na pa kuwapata wengi wakigombania kwa pamoja ni mnadani, siyo kwa dalali wa sokoni Mwanjelwa, Mbeya.

Usiisafishe. Mi niliharibu ya bibi yangu hivohivo, nikaipiga ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama sufuria mpya nikajiona fundi, nikatuma picha nikajibiwa kistaarabu kwamba imesuguliwa na bei imeshuka. Wakusanyaji wanataka ule weusi wake wa miaka yote. Ishike ukingoni, iviringishe kwenye karatasi laini, basi.

Afu jua umeshika nini. Rupia moja ya fedha yenye sura ya Kaiser Wilhelm II (gramu 11.66) zipo nyingi, usianze kupiga hesabu ya nyumba. Zile heller za shaba, ndo neno letu hela lilikotoka, nyingi ni bei ndogo tu. Inayotoa watu macho ni ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora 1916 Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imebana, ina gramu 7 na kidogo, na ndo maana feki zake zimejaa. Kapime kwa sonara ila mwambie asiikwangue!

Piga picha pande zote mbili mchana kivulini, bila flashi, weka rula pembeni, andika uzito na nani alimwachia nani. Ukoo wakubali kwa maandishi kabisa, maana shangazi huwa anakumbuka urithi siku hela zimeingia. Tuma kwa kampuni mbili tatu zinazojua sarafu, kama Spink ya London au Künker ya Osnabrück, makadirio ya picha kwa kawaida ni bure.

Wakikubali watakuletea mkataba na hapo ndo usome taratibu. Kuna kamisheni yako muuzaji, kuna bima, picha, usafiri, na kuna bei ya chini ambayo isipofikiwa kitu hakiuzwi. Tuseme nyundo ya mnada imegonga, yaani bei ya mwisho imefika, milioni 10 na kamisheni ni asilimia 15, hapo milioni moja na nusu imeenda, bado bima na usafiri. Ile ada anayoongezewa mnunuzi juu ya bei ya nyundo siyo yako, kwahiyo ukiona bei kubwa kwenye matokeo usiwafokee. Ukiweka bei ya chini kwa tamaa kitarudi kwako, na wengine watakudai gharama wakati hujauza kitu. Kamisheni inaongeleka lakini, hasa kitu kikiwa adimu.

Kabla haijavuka mpaka kaulizie kibali kwa watu wa Mambo ya Kale, kuna sheria yake ya 1964 na ukitoa kitu cha kale nje kimyakimya unaweza kujikuta na kesi, usiifiche kwenye soksi. Malipo yanakuja wiki kadhaa baada ya mnada, mnunuzi akishalipa, kwahiyo usikope kwa kutegemea hiyo.