Namna ya Kupanga Safari ya Gari ya Mzunguko wa Kusini mwa Tanzania

Mzunguko ninaoueleza hapa unaanzia Dar es Salaam, unapita Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya na Tukuyu, unarudi hadi Makambako, unashika njia ya Njombe mpaka Songea, unakata kwenda mashariki kupitia Tunduru na Masasi hadi Mtwara, kisha unafuata mwambao wa Lindi na Kilwa kurudi ulikoanzia. Ni takribani kilomita 2,700 za lami bila kuhesabu njia za pembeni, na ndani yake mna mbuga ya wanyama, nyanda zenye baridi, ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno, milima ya Umatengo, mikorosho ya Mtwara na magofu ya mji uliokuwa ukitajirika kwa biashara ya dhahabu. Gari dogo lililo zima linaumudu. Nimeuzunguka mara tatu, na karibu kila kosa nililolifanya lilitokana na jambo moja: nilihesabu kilomita badala ya kuhesabu mchana.

Kwa hiyo anza na hesabu ya mchana. Katika barabara hizi vijiji vinafuatana, na kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, matuta na watoto wanaovuka kutoka shule. Ukichanganya na malori, wastani wa kweli wa gari dogo ni kilomita 55 kwa saa, hata kama mshale ulisoma 100 kwa dakika kumi. Gawanya umbali wa siku kwa 55, ongeza saa moja kwa chakula na saa moja kwa kila kivutio utakachosimama, halafu hesabu kurudi nyuma kutoka saa 11 jioni, ambayo ndiyo saa ya kuwa umeshafika. Ukiona hesabu inakutaka uondoke saa 10 usiku, umepanga siku mbili ndani ya siku moja. Zingatia pia kwamba jua huzama Mtwara karibu nusu saa kabla ya kuzama Mbeya, ingawa saa za mkononi ni zilezile. Mwezi wa Juni huko Mtwara giza limeshaingia kabla ya saa 12 na nusu jioni. Usiku barabarani kuna baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika yaliyowekewa matawi ya miti tu nyuma yake, na hakuna kivutio kinachostahili hatari hiyo.

Kwa kanuni hiyo mzunguko mzima unahitaji siku 15. Usiku wa kwanza ulale Mikumi, mbili zinazofuata Iringa, mmoja Mbeya, mbili Tukuyu, mmoja Njombe, mbili Songea, mmoja Masasi, mbili Mikindani au Mtwara mjini, na mbili za mwisho Kilwa Masoko. Mwenye siku kumi tu asijaribu kuubana mzunguko huu. Ni afadhali aende Iringa na Tukuyu na kurudi kwa njia ileile, aiache pwani kwa likizo nyingine.

Majira bora ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Nyanda za juu kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na wakati huo njia za pembeni huwa tope. Upande wa pwani tatizo ni masika: Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Kiangazi nacho kina gharama yake, kwa sababu Juni na Julai Njombe kuna baridi inayofika hadi ya kuleta sakitu, hivyo sweta na koti vikae juu ya begi, si chini. Anayetaka kuyaona maua ya Kitulo, hifadhi ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, hana budi kwenda kati ya Desemba na Aprili na kuikubali mvua. Hiyo ni safari ya aina yake na ipangiwe gari la juu.

Kuhusu upande wa kuzungukia, ushauri wangu ni kuanza bara na kumalizia pwani. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inabeba malori ya Zambia na Kongo, na kona zake zinahitaji dereva ambaye bado ana nguvu. Bahari inafaa zaidi mwili ukiwa umeshachoka. Jua pia linakusaidia, kwa kuwa ukielekea Morogoro asubuhi linabaki mgongoni. Kasoro ni siku ya Songea kwenda Masasi, inayoelekea mashariki, ambapo jua la asubuhi linapiga usoni kwa saa mbili nzima. Usiku wa kuamkia siku hiyo safisha kioo cha mbele kwa ndani, si kwa nje tu, kwani ukungu wa vumbi usioonekana ukiwa kivulini hugeuka kuwa pazia jeupe mara jua linapokutazama.

Gari likaguliwe wiki mbili kabla, si siku moja kabla, ili kifaa kitakachohitaji kuagizwa kiwe na muda wa kufika. Mwambie fundi aangalie breki, rejeta na mipira yake, mikanda ya injini, betri na kina cha mifereji ya tairi, na umsimamie akiwa anafanya hivyo. Tairi la akiba lipimwe upepo mbele ya macho yako. Nasema hivi kwa uchungu: katika safari yangu ya kwanza gereji moja iliniandikia kwenye karatasi kwamba kila kitu kimekaguliwa, nami nikaamini; kisha kati ya Songea na Tunduru, mahali ambapo gari lilipita kila baada ya dakika ishirini, nilifungua buti nikakuta tairi la akiba limelala kama chapati. Kijana mmoja aliyekuwa na baiskeli alinipa pampu yake ya mkono, tukapokezana kwa karibu saa nzima mpaka likasimama kiasi cha kunifikisha kijiji chenye kompresa. Tangu siku hiyo nabeba pampu ndogo inayochomekwa kwenye gari, pamoja na jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za tahadhari, kizima moto kisichopitwa na muda, kamba ya kuvutia, lita kumi za maji na tochi.

Fedha zipangwe kwa mafungu matatu: mafuta, malazi na viingilio. Mafuta ni rahisi kuyakadiria. Jumla ya mwendo pamoja na njia za pembeni chukulia kilomita 3,000, na gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 300. Jaza tangi kila linapofika nusu, hasa Songea na Tunduru. Viingilio vya hifadhi za taifa havilipwi kwa fedha taslimu getini, bali kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na salio kabla hujafika. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiwango cha chini kuliko wageni, ila kitambulisho lazima kionekane. Kila msafiri abebe chake, siyo picha yake. Fedha taslimu ndogondogo zinahitajika kwa mama lishe, boti na waongozaji wa vijijini.

Siku ya kwanza ondoka Dar es Salaam saa 11 alfajiri ili uwe umeipita Kibaha kabla foleni haijajikusanya. Mikumi iko umbali wa kilomita 300 hivi, na barabara kuu inaikata hifadhi yenyewe kwa takribani kilomita 50, ambako mwendo wa mchana ni kilomita 70 kwa saa na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Wengi hupita wakitazama dirishani na kuhesabu kwamba wameiona Mikumi. Usifanye hivyo. Lala mjini Mikumi, ingia getini mapema asubuhi ya pili, uzunguke uwanda wa Mkata wakati wanyama bado wanatembea. Kiangazi hata gari dogo hupita njia zake kuu. Ifikapo saa 5 toka, uelekee Iringa.

Kipande hicho cha Mikumi hadi Iringa, chenye kilomita zipatazo 200, ndicho kizuri kuliko vyote upande wa bara. Barabara inaingia katika bonde la mibuyu kando ya Mto Ruaha Mkuu, mibuyu ikiwa mamia kwa mamia, minene na ya kijivu, isiyo na jani hata moja mwezi wa Agosti. Ruaha Mbuyuni simama ununue vitunguu, vinavyotundikwa kando ya barabara kwenye nyavu nyekundu; chagua vyenye shingo iliyokauka, maana chenye shingo laini kitaoza kabla ya kufika Mbeya. Halafu inakuja Kitonga. Ni mlima wa kona zinazobanana, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, na malori yanaupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kaa nyuma yake. Zima kiyoyozi, tumia gia ndogo, tazama kipimo cha joto la injini, na ukikiona kinapanda tafuta mahali papana usimame. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe kabisa. Kuna wanaopita lori kwenye kona kwa sababu ya kuokoa dakika tano, na mabati ya magari yao yanaonekana chini korongoni.

Iringa ina mambo mawili ya kuonwa kwa siku moja. Asubuhi nenda Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, penye zana za Enzi ya Mawe ya Kale na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Korongo lake halina kivuli, na baada ya saa 5 joto linakuwa kali. Mchana nenda Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mpe mwongozaji muda wa kusimulia, kwani simulizi la Lugalo, ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani Agosti 1891, linasikika tofauti kabisa likisemwa Kalenga. Hifadhi ya Ruaha iko kilomita 130 magharibi, lakini inataka gari la juu na siku mbili za nyongeza.

Kutoka Mbeya kwenda Tukuyu ni mwendo wa kilomita 70 tu, na mandhari yanabadilika mara mbili, kwanza viazi na baridi, kisha migomba na chai. Ziwa Ngozi linafikiwa kwa miguu kupitia msitu mzito, kwa hiyo chukua mwongozaji wa kijijini na uvae viatu vinavyoshika udongo. Daraja la Mungu, mwamba wa volkeno uliojenga daraja juu ya Mto Kiwira, liko jirani na Kijungu, mahali mto huohuo unapojitosa kwenye shimo la mwamba, na yote mawili yanatosha asubuhi moja. Tukuyu hunyesha hata kiangazi. Mwenye siku ya ziada ashuke Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambako vyungu vya Wakisi huuzwa. Vifunge kwa khanga na uviweke chini ya kiti, si butini.

Songea inahitaji usiku mbili. Ya kwanza ni kwa ajili ya Makumbusho ya Maji Maji, eneo la Mahenge, mahali walipozikwa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Ukiweza kufika mwishoni mwa Februari utakuta kumbukumbu yao, ijapokuwa ni msimu wa mvua. Siku ya pili nenda Mbinga. Milima ya Umatengo imechorwa mashimo ya ngoro kutoka juu hadi chini: mkulima hulaza nyasi katika mistari inayokatana, hufukia udongo juu yake, na katikati hubaki shimo linaloyanasa maji yasiuporomoshe mlima. Simama kwenye kona yoyote uyatazame wakati wa jua la saa 10 jioni, kivuli kinapoingia ndani ya kila shimo.

Songea hadi Masasi, kilomita 460 hivi, ndiyo siku ndefu kuliko zote. Lami ni nzuri na magari ni machache, ila anayesafiri na wazee au watoto wadogo aikate kwa kulala Tunduru. Baada ya Masasi ni mikorosho tupu mpaka Mtwara. Mikindani, mji mdogo wa mawe ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, unafaa kwa siku ya kutofanya lolote, na siku hiyo iandikwe kwenye ratiba kama siku nyingine, la sivyo italiwa.

Kilwa Masoko fika mapema alasiri, ukachukue kibali cha kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, siku hiyohiyo, na umuulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi. Swali hilo ndilo linaloamua siku yako, kwani maji yakiwa yamekupwa boti haifiki ufukweni na utatembea matopeni ukiwa umebeba viatu. Ingieni asubuhi, muanze na Msikiti Mkuu. Weka kiganja kwenye nguzo yake: ni tumbawe, na ukitazama kwa karibu utaona vitundu vya viumbe wa baharini ndani ya jiwe lililobeba kuba kwa karne nyingi. Msafiri maarufu Ibn Battuta aliufikia mji huu mwaka 1331. Kutoka hapo tembeeni kufuata pwani hadi Husuni Kubwa, kwenye bwawa la kuogea lenye pembe nane linalotazamana na bahari, na mbaki huko mpaka nahodha aite.

Siku ya mwisho ina kilomita zinazokaribia 310, pamoja na Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji. Ondoka saa 1 asubuhi ili uingie Mbagala kabla ya foleni ya jioni, na kesho yake lipeleke gari likaoshwe chumvi chini ya chesisi na ndani ya matao ya magurudumu kwa maji yasiyo ya chumvi.